Kuku wa Upande wa Pili

Usiku wa jana niliota, na kabla hujaniuliza nilikula nini, nilikula ndizi za mawese na samaki mmoja wa mgebuka, tena mdogo. Tumbo langu halina hatia. Mwenye hatia ni Songoro.

Songoro alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, Hamadi Kabemba, kwa hiyo tunaitana shemeji, na kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Sisi wawili ndio tuliobaki na santuri hapa Ujiji. Nasema santuri za Kongo, rumba za zamani, zilizovuka ziwa ndani ya mabegi ya abiria wa meli, zimeviringishwa kwenye vitenge zisivunjike. Mimi nikipata santuri nzuri naipiga kwenye gramafoni, nasogeza simu karibu na spika, narekodi, natuma kwenye kundi letu la wapenzi wa santuri. Wanaisikia watu wa Kalemie, wa Tabora, wa Bujumbura, na yuko bwana mmoja anasikilizia Maskati, anasema kule joto linazipinda santuri mpaka zinafanana na masikio.

Songoro akipata santuri nzuri anaifunga kwa nailoni, anaitia kabatini, anafunga kabati, na ufunguo anauvaa shingoni kama mtoto aliyevishwa hirizi.

"Santuri haiazimwi, shemeji," husema. "Anayetaka kuisikia aje na miguu yake."

Ukienda na miguu yako, anakwambia leo kuna vumbi.

Sasa kuna wimbo mmoja, Feza Zonga, wa Okestra Lukuga Fiesta. Zonga kwa Kilingala ni rudi. Ni santuri ndogo, ile ya tundu kubwa katikati, ambayo lazima uitilie pete ndipo ikae. Pete yangu niliikata kwenye ndala. Upande wa kwanza wanaume wanamlilia Feza taratibu. Upande wa pili wanaendelea kulia kidogo, halafu wananyamaza, gitaa linaita, na hapo sebene linafunguka. Asiyejua sebene nimweleze: ni pale wimbo unapoacha kulalamika na miguu inapochukua madaraka.

Sebene la Feza Zonga sijalisikia tangu siku Hamadi alipoinua mguu kulipokea, na kuku wetu akaruka kutoka dirishani akatua juu ya gramafoni. Krrrr! Hamadi akabaki mguu juu. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kuku tulimla jioni ileile. Mwezi haukuisha, Hamadi naye akatutoka.

Tangu hapo sindano ikifika kwenye ule mkwaruzo inarudi nyuma. Feza zonga, Feza zonga, Feza zonga. Feza mwenyewe angekuwa amesharudi, amepika, ameondoka tena. Nimejaribu dawa yetu ya wazee, kubandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili kiwe kizito kipite. Hakikupita. Na santuri nyingine ya wimbo huo tunayoijua ni moja tu, iko kabatini kwa Songoro, haijapigwa hata mara moja tangu ainunue.

Jana nilikwenda kumwomba. Nilitaka kulisikia sebene lile mara moja tu, nikiwa bado na masikio. Akasema kuna vumbi.

Mvua ilikuwa inanyesha.

Basi nikalala na hasira zangu, nikaota naifuta santuri yangu kwa kitambaa laini. Naishika ukingoni kwa viganja, usoni siigusi, kama kanuni inavyotaka. Santuri ikafungua jicho.

"Ahsante kwa kutonigusa usoni," ikasema. "Karibu ndani. Vua viatu."

Nikavua ndala. Ya kushoto ina tundu la mviringo pale nilipokata ile pete, na nikaona haya kidogo mbele ya mwenyeji. Nikaingia.

Ndani ni kasha. Watu wamesimama wima, bega kwa bega, hakuna aliyelala, kwa sababu santuri hazilazwi. Kando yangu yuko bibi mmoja mnene, mweusi wa kung'aa, wa zile santuri za kale kabisa zinazovunjika kama vyungu.

"Usinichekeshe," akaniambia.

"Sijasema kitu."

"Una uso wa kuchekesha. Mwenzangu alisimuliwa kisa cha mkwe akapasuka vipande vipande."

"Pole, dada."

"Na hiyo pole yako usiiseme hivyo. Nasikia inanijia mbavuni."

Nikageuka nikatazama ukuta, mwanamke wa watu asije akaniharibikia mikononi.

Mlangoni kulikuwa na ufunguo. Nikaujua mara moja, ni ule wa Songoro, ila leo ulikuwa umekaa kitini na umevaa koti.

"Umekuja na miguu yako?" ukaniuliza.

"Nimekuja nayo."

"Tuione." Ukainama, ukaichunguza, ukaibonyeza vidole. "Wa kulia ni wako. Wa kushoto unafanana na wa mama yako."

"Ndivyo wanavyosema wote."

"Basi msalimie." Ukatoa sarafu mfukoni ukaniwekea utosini. "Usiitoe. Mwili wako mwepesi, utateleza."

Nikapita na sarafu kichwani, shingo imenyooka kama bibi harusi.

Kufumba na kufumbua siko tena kwenye kasha. Niko barabarani. Barabara nyeusi inang'aa, nyembamba, ina kuta pande zote mbili, na inazunguka, inazunguka, mbele siioni ila inakata kona. Nikajua niko wapi. Ule mtaro wa santuri ninaoupitishia sindano kila siku, leo ninautembea!

Mwenzangu, moyo ulinipiga kama ngoma ya harusi. Kwa sababu nilijua mtaro huu unaelekea wapi. Nikiufuata mpaka upande wa pili, mbele kuna sebene.

Akaja mtu na tarumbeta kwapani. "Shiii," akasema. Nikasubiri. "Kaaa," akasema. Nikakaa chini. "Mooo," akamalizia, nikiwa nimeshapumzika vya kutosha.

Nikaelewa. Kuna mtu ameweka mwendo wa mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, na hii ni santuri ya arobaini na tano. Kosa hili hata Hamadi alikuwa akilifanya. Nikatafuta swichi, nikaikuta ukutani, nikaisukuma, nikaisukuma zaidi ya kipimo. Weee! Ikafika sabini na nane. Watu wakaanza kupita kama nyuki. Bwana wa tarumbeta akanisalimia, akanichumbia, akanioa, akaniacha, yote kabla sijaitikia salamu. Nikairudisha katikati, kwenye arobaini na tano, kila mtu akapumua.

"Samahani kwa talaka," akasema yule bwana.

"Sikuiona hata ilivyopita," nikamjibu.

Mbele nikawakuta waimbaji. Wanaume watatu, suti safi, wamesimama chini ya mwavuli mmoja wanalia.

"Wewe ndiye Feza?"

"Hapana. Mimi Tausi."

"Hungeweza kuwa Feza kidogo tu? Tumechoka."

"Kwani alikwenda wapi?"

Wakatazamana. "Hatujawahi kuuliza," akasema wa katikati. "Kazi yetu ni kumwambia arudi."

Nikataka kuwashauri, lakini hapohapo dunia ikageuzwa. Mkono mkubwa ukaishika kwa ukingo, kwa adabu, na kuipindua. Nikadondoka juu. Waimbaji wakadondoka juu na mwavuli wao. Tukatua upande wa pili bila kuumia, suti hazikukunjamana.

Na pale, katikati ya barabara, kuna kizuizi. Nyuma ya kizuizi kuna meza. Mezani amekaa kuku, amevaa kofia ya kazi, mguuni ameshika muhuri.

"Unatoka wapi?" akaniuliza.

"Ujiji."

"Unatoka wapi?"

"Nimeshasema, Ujiji."

"Unatoka wapi?"

Nikamtazama vizuri. Mweupe, ana doa jeusi mkiani.

"Wewe si tulikula?"

"Mlinila," akasema, bila kinyongo. "Nikapata kazi huku. Unatoka wapi?"

"Hapa ndipo kwenye mkwaruzo?"

"Hapa ni kwangu. Mimi ndiye niliyepachora. Ulinipika na nini?"

"Nyanya chungu na mawese."

"Aa. Mimi nilidhani karanga."

Nikanyoosha shingo nione nyuma yake, sarafu bado iko utosini. Na nyuma ya kuku, amini usiamini, amesimama Hamadi Kabemba. Shati lilelile la kitenge. Kofia imekaa upande. Mguu wa kushoto uko juu.

"Umechelewa, mama Zamda," akasema.

"Sikuijua njia, baba Zamda."

"Mguu unaniuma."

"Si uushushe!"

"Niushushe kabla ya sebene? Watu waseme sijui muziki?"

Nikataka kucheka, nikataka kulia, sikuwahi chochote, kwa sababu nyuma yangu nikasikia mvumo. Sindano inakuja. Chuma kirefu kuliko mnara, kinateremka barabarani, kinanguruma, kinatupita juu, kinagonga kizuizi. Krrrr! Kinaruka, kinarudi kilikotoka. Na sisi wote tunarudi nacho.

"Feza zonga," wanaume wanaimba.

"Unatoka wapi?"

"Ujiji."

"Umechelewa, mama Zamda."

"Sikuijua njia, baba Zamda."

"Mguu unaniuma."

"Si uushushe!"

Krrrr!

"Unatoka wapi?"

Miaka yote hii nilidhani mkwaruzo ni jambo la santuri. Kumbe mume wangu amesimama humu kwa mguu mmoja, na kila nilipoipiga nilikuwa namnyanyulia mguu halafu namnyima muziki. Nisipofanya kitu, tutaulizana maswali haya mpaka kiama. Nikiamka kabla sijafanya kitu, yeye atabaki hivihivi.

Nikaitoa sarafu utosini. Nikaona sindano inakata kona. Nikasema, nitairusha ikae juu yake, iwe nzito, ikivunje kizuizi. Nikalenga. Nikarusha. Kuku akanyoosha shingo akaidaka hewani, akaimeza.

"Ah!"

"Tabia," akasema kuku. "Hata kazi haijaniachisha."

Krrrr!

"Umechelewa, mama Zamda."

Nikapapasa pindo la kanga kutafuta kitu kingine cha kurusha. Mkono ukagusa kifuko kidogo, kikavu, chenye fundo. Nikakifungua. Ugoro.

Hapa lazima nisimame nieleze. Hamadi alipenda ugoro kuliko chai. Na chafya ya Hamadi ilijulikana Ujiji nzima. Ilianzia magotini, ikapanda, ikitoka vikombe vinahama kabatini na mbuzi wa jirani wanakata kamba. Na kila akipiga chafya, sindano ya gramafoni iliruka nusu ya wimbo. Ndiyo maana nilimwapisha mbele ya mashahidi, Songoro akiwa mmoja wao: hakuna ugoro karibu na gramafoni. Alitii mpaka siku ya mwisho. Alikuwa anakwenda kunusia uani, mvua au jua, akirudi na macho mekundu na tabasamu.

Nikampitishia kifuko juu ya kizuizi. Hamadi akakitazama, hakukishika.

"Si uliniapisha?"

"Nilikuapisha nini?"

"Hakuna ugoro karibu na gramafoni."

"Karibu nayo," nikamwambia. "Sasa hivi tuko ndani yake."

Hamadi akafikiri. Kuku naye akafikiri.

"Ana hoja," akasema kuku.

Hamadi anachota ugoro kwa ncha ya vidole. Anaweka pua ya kulia. Anaweka pua ya kushoto. Waimbaji wanashusha mwavuli. Sindano inakata kona, inakuja, inanguruma, "Feza zonga," kuku anafungua mdomo, "Unatoka wa..." na mimi naiona inapanda! Imeanza magotini. Iko kiunoni. Iko kifuani, shati la kitenge linajaa kama hema. Hamadi anafumba macho.

"Aaa," anasema. "Aaaa..."

Hhhhaaa-CHAAA!

Barabara inaruka! Sindano inaruka, inapita juu ya kizuizi kama mtoto anayeruka dimbwi, inatua ng'ambo, inashika mtaro. Kizuizi kinakwenda upande wake, meza upande wake, kofia ya kuku juu kabisa. Waimbaji wananyamaza, kwa mara ya kwanza wananyamaza.

Gitaa linaita.

Na mguu wa Hamadi unatua.

Jamani! Sebene! Gitaa la kwanza linasema jambo, la pili linalijibu, la tatu linacheka pembeni kama mtu anayejua siri ya wote wawili. Ngoma inakuja chinichini, inanisukuma nyonga bila kuniomba. Hamadi ananishika mkono, tunakwenda, tunarudi, tunakwenda, magoti yangu hayana habari ya umri wao. Bwana wa tarumbeta anapuliza mashavu yamevimba. Wale wa kilio wanarusha suti. Ufunguo umevua koti. Bibi wa kuvunjika anacheka kwa sauti, anacheka mpaka anashika mbavu, na havunjiki! Na kuku? Kuku anacheza kuliko sisi wote. Nilisikitika kwamba tulimla mapema.

"Umeacha kunizuia ugoro," Hamadi anapiga kelele sikioni.

"Kwa leo!"

Tukizunguka, nikawaona watu wengine kando ya barabara. Wamesimama nyuma ya nailoni, wengi, safi, hawana hata vumbi. Kila mmoja mguu mmoja juu.

"Wale ni nani?"

Hamadi akapunguza kucheza. "Wale wa kabatini kwa Songoro. Hawajapigwa hata mara moja. Wako hivyo tangu waliponunuliwa." Akanisogelea. "Na mimi mwenzao niko pale pia, yule wa mwisho. Wimbo ni huuhuu."

Nikatazama. Kweli, ni yeye, shati la kitenge, nyuma ya nailoni, ananipungia.

"Ugoro umebaki?" akaniuliza Hamadi aliye kando yangu.

"Umebaki."

"Nipe wote."

Nikampa. Akautia mfukoni, akaupigapiga kwa nje, kama mtu aliyeweka tiketi.

Barabara ikaanza kuwa fupi. Kila mzunguko unakuwa mdogo kuliko uliopita, na mbele naiona karatasi nyekundu ya katikati, jina la okestra limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko mimi. Nikajua wimbo unaisha.

"Baba Zamda, tuigeuze tena."

"Geuza wewe, ukiwa nje. Sisi humu hatujigeuzi."

"Na mguu?"

"Mguu uko chini, huoni? Unapumzika." Akaninyooshea kanga begani, kama alivyokuwa akifanya tukitoka. "Piga, mama Zamda. Wapigie na wengine. Ikianza tu, najua uko hapo umekaa."

Nikafungua kinywa nimjibu. Chini yangu pakawa na tundu, na tunduni pete ya ndala. Nikapita katikati yake, ikanibana kidogo kiunoni, ikaniachia.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nikakaa kitandani, miguu inauma kama ya mtu aliyetoka harusini. Nikajiambia, Tausi, ni ndizi. Nikaenda kwenye gramafoni.

Ile sarafu niliyoibandika juu ya kichwa cha sindano haikuwepo. Nikatazama chini ya meza, nikatazama mkekani. Haipo. Gundi ipo, sarafu haipo.

Nikaweka upande wa pili, bila sarafu. Feza zonga, wakaimba. Nikashika ukingo wa meza. Feza zonga. Ikafika palepale, mahali pa krrrr, na krrrr haikuja. Ilikuja chafya. Ndogo, ya mbali, kama mtu yuko uani. Kisha gitaa likaita.

Nilicheza na gauni la kulalia, simu juu, narekodi, machozi yanashuka yenyewe. Nikatuma kwenye kundi. Bwana wa Maskati ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika: "Bibi Tausi, hongera! Pale kabla ya sebene wamepiga chombo gani?"

Nikamjibu: "Pua."

Sijaweka simu chini, mlango ukagongwa. Sikuwahi hata kusema karibu. Songoro huyo, anahema, msuli ameufunga ovyo, ufunguo hauko shingoni. Mkononi ana santuri, ile yake ya Feza Zonga, haina nailoni, na vidole vyake vyote vitano viko usoni mwa santuri.

"Shemeji," akasema, "nani amempa Hamadi ugoro?"